Saini Yangu kwenye Karabini ya Mzee Humud

Siku ya kuniaga walinipa ngao ya plastiki iliyopakwa rangi ifanane na mbao. Katikati yake wamebandika kibunduki cha dhahabu ya uongo, na kitako cha kile kibunduki kimewekwa juu chini. Zaidi ya miaka arubaini nimefanya kazi moja tu, ya vitako vya bunduki, na katika karakana nzima hakupatikana mtu wa kuliona hilo kabla ya kunikabidhi mbele ya kamera. Nikaambiwa niseme maneno machache. Nikasema ahsanteni, nikakaa, kwa sababu niliyokuwa nayo hayakuwa machache.

Ndiyo haya. Nawaandikia nyinyi mliobaki pale Wadi Kabir, hasa wale wawili mlionifuata nje wakati wa chai mkaniuliza kwa nini, mwaka wangu wa mwisho, nilikuwa nikiandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa kila kadi ya kazi swali lile lile: "Bunduki hii inafanya kazi gani?" Mlidhani ni uzee. Nilisikia mkicheka, na si vibaya, mimi pia nilicheka sana nilipokuwa na umri wenu. Lakini swali lile si langu, na lilipoachwa kuulizwa mtu aliumia. Meneja msimwonyeshe karatasi hizi. Au mwonyesheni, mimi nimeshastaafu.

Nilianza kazi Matrah, hapa Maskati, katika kichochoro nyuma ya souq, soko la zamani, kwenye chumba ambacho ukifungua mlango wote jiliwa ya kubania kazi inatokeza njiani. Tulikuwa tumehamia kutoka Unguja mimi ni kijana, Kiarabu changu kilikuwa cha msahafuni na cha kuombea chumvi mezani, basi baba akanitafutia fundi ambaye ningeelewana naye. Alikuwa Fundi Hilal, naye mzaliwa wa Unguja, seremala wa milango na masanduku huko kwao, ambaye alipofika Maskati alikuta milango ya chuma inaagizwa kwa meli. Akageukia bunduki. Alisema bunduki ni mlango tu, sema unapofunguka hutaki kusimama mbele yake.

Siku ya kwanza hakunipa tupa wala patasi. Alinipa kibatari na kisahani cha masizi. Kazi yangu ilikuwa kupaka masizi kwenye chuma cha bunduki, yeye anakilaza chuma ndani ya ubao aliouchimba, anakiinua, na pale masizi yalipoacha alama ndipo ubao unapogusa zaidi ya inavyotakiwa. Anakwangua hapo kidogo tu, unene wa unyasi. Kisha masizi tena. Mara mia, mara mia mbili, mpaka alama zienee ubao wote sawasawa, na hapo chuma na mbao vimeoana. Wiki nzima nilirudi nyumbani na dishdasha, kanzu ya huku, nyeusi. Mama akaniuliza, "Umekwenda kujifunza bunduki au kuchoma makaa?"

Kitako, kwa asiyejua, ni ule ubao wote unaobeba chuma, kuanzia unapokaa begani mpaka unapoushika kwa mkono wa mbele. Watu hutazama mtutu. Wakija dukani huuliza mtutu, hupulizia mtutu, husifu mtutu. Fundi Hilal alikuwa akisema mtutu ni wa risasi, kitako ni cha mtu. Na kabla hajapokea bunduki yoyote, baada ya kukagua ruhusa ya mwenyewe, alimwuliza mwenye bunduki swali moja.

"Inafanya kazi gani?"

Kwake yeye kulikuwa na kazi tatu. Kuna bunduki ya ukutani, hiyo inataka sura. Kuna ya begani, ya kulenga shabaha, hiyo inataka kipimo cha mkono wa mwenyewe. Na kuna ya hewani. Hii ya mwisho ni ya razha, ngoma yetu ya wanaume, safu mbili zinakabiliana, mashairi yanajibizana, na katikati watu wanarusha juu panga na bunduki na kuzidaka bila kuziangalia sana. Bunduki ya razha hurushwa tupu. Fundi Hilal aliikagua mara mbili, na katikati alikunywa maji, ili mara ya pili macho yawe mapya. Bunduki ya hewani haitaki sura wala kipimo cha mkono. Inataka uzani uliotulia, ili inaporudi chini irudi imelala, mahali pake pa kudakwa pakutane na kiganja.

Nilikuwa na miezi michache tu kazini alipoingia mtu mmoja wa Quriyat, mrefu, mwembamba, masikio makubwa. Jina lake Humud. Alizaliwa Tabora, ambako baba yake alikuwa na duka, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara. Akasema, "Shikamoo, Fundi," na Fundi Hilal, ambaye alikuwa amemzidi miaka minane tu, akaitikia marahaba kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake tena. Humud alibeba karabini, yaani bunduki fupi ya kijeshi, ya zamani, ya bei ya chini kabisa, aina iliyoundwa kwa maelfu na kugawiwa kama majembe. Kitako chake kilikuwa kimeliwa na mchwa.

Palikuwa na mteja mwingine amekaa, wa ukoo mkubwa, bunduki yake ndefu imevishwa pete za fedha kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaitazama karabini akasema, "Hiyo fimbo ya kufukuzia mbuzi, bwana."

Humud aliinamisha macho. Fundi Hilal hakuinamisha. "Ya kwako inafanya kazi gani?" akamwuliza yule.

"Tunaitundika."

"Basi wacha wanaofanya kazi wazungumze." Kisha akamgeukia Humud. "Ya kwako?"

"Ya hewani, Fundi. Lakini inanisumbua. Nikiirusha inarudi kichwa chini."

Fundi Hilal akatoa kwenye mtoto wa meza uzi mnene wa katani, akaufunga kitanzi, akautundika kwenye ndoano ya dari. Akamwambia Humud aishike karabini pale anapoidakia. Akapiga mstari kwa chaki. Kitanzi kikapitishwa hapo, bunduki ikaachwa ining'inie, na mtutu ukazama chini palepale. "Si mkono wako," akasema. "Mbele nzito, nyuma nyepesi. Hata malaika hawezi kuidaka hii." Nilitumwa sokoni kwa wavuvi kununua chubwi, zile risasi za kuzamishia mshipi. Fundi Hilal alichonga kitako kipya, akatoboa tundu kwa keekee chini ya bamba la kisiginoni, akawa anatia chubwi mojamoja na kurudi kwenye uzi. Ya kwanza, bado. Ya pili, bado. Ya nne ilipoingia, karabini ikalala hewani, haikupanda wala haikushuka. Akazishindilia chubwi kwa nta, akabonyeza kwa dole gumba, akafunga bamba.

Humud aliirusha kichochoroni. Ilipita ukuta wa jirani kwa juu, ikazunguka mara moja, ikarudi. Alikuwa ananitazama mimi, wala si ile bunduki, alipoidaka. Nimeona mengi katika kazi hii, lakini kile kitendo ndicho kilichonifanya nibaki.

Miaka ikapita, na sitawachosha nani alipandishwa na nani hakupandishwa. Nilijifunza kwamba tupa husukumwa mbele tu, kwa sababu Fundi Hilal alinipiga kwenye kidole kila nilipoirudisha nyuma ikiwa imegusa. "Tupa si mswaki, Nassor." Nilijifunza mbao. Msaji ni mpole na hukusamehe, mkunazi wa huku ni mzito na mkaidi, lakini ukishakubali haubadili shauri. Fundi Hilal alipofariki aliniachia jiliwa, uzi wake wa katani, na gogo moja la mkunazi alilolikausha miaka mingi na hakulitumia. Aliwahi kuniambia analingojea kazi yake. Sikumwuliza ni kazi gani.

Duka halikuwa la Fundi Hilal, lilikuwa la tajiri mmoja, na biashara yake ikakua, tukahamia Wadi Kabir, kwenye karakana yenye kiyoyozi na kaunta ya kioo. Tajiri akamleta mpwa wake, Mundhir, kuwa meneja. Nataka nimtendee haki Mundhir. Ni kijana mwenye adabu, akinikuta asubuhi hunibusu paji la uso, na mbele za wageni aliniita barka ya karakana. Mtu akikwita barka kazini, jua ameshaacha kukuuliza.

Aliagiza vitako vya plastiki. Vyeusi, vyepesi, vitupu ndani, aina moja tu, na alisema vinaingia karabini zote.

"Zote?" nikamwuliza. "Mundhir, hata kofia haiingii vichwa vyote."

"Ami, vina skrubu za kurekebisha. Dakika ishirini mtu keshaondoka. Wewe unakaa na kitako kimoja wiki mbili."

"Nnakaa nacho kwa sababu kinataka."

"Mteja hataki, ami. Mteja anataka leo."

Tuligombana hivyo miezi. Alitengeneza kadi ya kazi yenye visanduku vya kutia alama: aina ya bunduki, namba, jina la aliyeileta, rangi. Rangi ina kisanduku chake! Kazi ya bunduki haina. Mimi nikiwa fundi mkuu ndiye niliyetia saini chini ya kila kadi, kuthibitisha kwamba bunduki imepimwa na iko salama. Kanuni ilikuwa niitundike kila moja kwenye uzi kabla ya saini. Kanuni yangu, nasema, si ya kadi.

Sasa nifike kwenye aibu. Ilikuwa wiki moja kabla ya Idi. Kadi saba zililetwa kwa pamoja, bunduki saba zimeshafungwa ndani ya mifuko yake, wenyewe wako kaunta wanatazama saa. Nilikuwa nimechoka, na si kwa kazi. Nilichoka kubishana. Nikaona kila siku mimi ndiye mzee mkorofi, na nikajiambia, mara moja tu, wacha. Nikatia saini zote saba nimesimama, kwa kalamu ya kuazima, bila kufungua mfuko hata mmoja.

Miezi minane baadaye aliingia bwana mmoja wa makamo, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inakata, udi unamtangulia. Jina lake Yahya, anafanya kazi ofisini Qurum. Aliweka karabini juu ya kaunta, ina kile kitako cheusi.

"Ami, nataka mnitilie vishikio kwa nyuma," akasema. "Niitundike sebuleni kwangu."

"Ya kwako?"

"Ya baba. Yeye keshamaliza nayo."

Nikauliza kamaliza vipi, kwa desturi tu ya mazungumzo. Akanieleza. Kitako cha mbao kilipasuka shingoni, akakileta kwetu kitengenezwe kabla ya harusi ya mtoto wa dada yake, hapa kaunta wakamwambia kubadilisha ni haraka zaidi, na akaona ni kweli. Kwenye harusi, Idi pili, huko Quriyat, razha imekolea, baba yake akaingia katikati kama alivyoingia kila harusi tangu ujana. Akairusha. Ikarudi kichwa chini, ikampita kiganja, ikampiga mtulinga, mfupa huu wa chini ya shingo, ukavunjika, mbele ya wanaume wa mji mzima.

"Watu wakasema kazeeka," akasema Yahya. "Na mimi nikasema. Nikamwambia, baba, basi tena, nipe. Nilidhani atagombana. Hakugombana. Alinikabidhi mwenyewe akasema, chukua, mikono yangu imeshaniaga. Tangu siku hiyo hata dele la kahawa halishiki. Anaogopa kuwamwagia wageni. Sasa wageni wakija anakaa pembeni, sisi ndio tunamimina."

Hapo ndipo nilipouliza jina la baba yake, naye akanitajia Humud.

Nilichukua karabini nikaenda nayo nyuma. Nikatundika uzi wa Fundi Hilal, nikapitisha kitanzi mahali pa kudakia, na mtutu ukainama kama mbuzi anayekunywa maji. Mahali uzani ulipotulia palikuwa pamesogea vidole vinne mbele. Vidole vinne! Mtu aliyeidaka bunduki ile miaka arubaini mahali pamoja, ambaye kiganja chake kinapajua kuliko kinavyojua mlango wa nyumba yake, tumemhamishia mahali hapo bila kumwambia, kisha akaambiwa amezeeka. Nikafungua faili la kadi. Namba ya karabini ikalingana. Aliyeileta: Yahya. Rangi: nyeusi. Chini, saini yangu, imepinda kwa sababu nilisaini nimesimama. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Nikauliza kitako cha zamani kiko wapi. Zamani kila kitako kilichotolewa kilirudishwa kwa mwenyewe, kimefungwa nguo, hata kikiwa vipande. Siku hizi vinatupwa. Nikatafuta stoo, nikatafuta pipani, na mwisho nikakiona. Kilikuwa kimelazwa chini ya mlango wa stoo kuuzuia usijifunge. Miezi minane mimi mwenyewe nimekiruka kwa mguu kwenda kuchukua msasa, na sikukitazama.

Nilikaa chini nikafungua bamba la kisiginoni. Chubwi zilikuwa zote nne, na juu ya nta lilikuwa dole gumba la Fundi Hilal, na mistari yake yote. Nililia. Sioni haya kuliandika.

Kisha hasira zikanipanda, nikaenda ofisini kwa Mundhir na kitako mkononi. Akainuka, akanibusu paji la uso. Nikamweleza kila kitu. Akasikiliza vizuri, ndiyo adabu yake.

"Ami, pole sana. Lakini mzee ana miaka mingi. Watu wazima huanguka."

"Hakuanguka yeye. Imeanguka bunduki."

"Hatuwezi kujua."

"Mimi nnajua! Njoo uone kwenye uzi."

"Ami, tukisema kosa letu, kesho kila mtu ataturudishia kitako."

"Basi warudishe! Wavirudishe vyote!"

Akasema kwa upole mkubwa, na upole ule ndio ulioniuma, "Kadi ina saini yako, ami. Haina yangu."

Ni kweli. Nilimwomba jambo moja: aongeze kwenye kadi kisanduku cha kuuliza bunduki inafanya kazi gani. Akasema kadi zimeshachapwa. Basi kesho yake nikaanza kuandika kwa mkono, kwa kalamu nyekundu, na mmelipata jibu la swali lenu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mtulinga wa Mzee Humud ulikuwa usufi kwa kila mtu mle ndani.

Yahya nilimwambia ukweli siku ileile, kaunta, watu wanasikia. Nilimwambia kosa ni langu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua kofia, akaishika magotini. "Na mimi ndiye niliyemnyang'anya," akasema. Nikamwomba aniachie karabini na karatasi zake mpaka nimalize kazi. Hakuuliza siku ngapi.

Nilitoa lile gogo la mkunazi. Kitako cha zamani kilikuwa kimepasuka vibaya shingoni, hakiungiki, lakini vipimo vyote vilikuwepo. Nilichonga siku kumi na moja. Randa, patasi, kisha masizi, kukwangua, masizi, kukwangua. Nina miaka zaidi ya sitini na nilirudi nyumbani kanzu nyeusi. Mke wangu akanitazama tu, akachemsha maji. Siku ya sita Mundhir alipita akasimama.

"Ami, cha plastiki dakika ishirini."

"Na mtulinga wiki sita," nikamwambia, nikaendelea.

Chubwi zilitoka katika kitako cha zamani zikaingia kipya, na nta yake ileile niliikata kwa wembe ikatoka kipande kizima, nikailaza juu, dole gumba la Fundi Hilal halikufutika. Mkunazi ni mzito kuliko mbao alizotumia yeye, nikahitaji kuchimba kidogo ndani ili uzani urudi pale kwenye chaki. Nikapaka mafuta ya kitani mara tatu. Mchana wa siku ya kumi na moja karabini ililala kwenye uzi.

Tulikwenda Quriyat na Yahya baada ya sala ya Alasiri, karabini na karatasi zake nyuma ya gari, na kile kitako cheusi nilikibeba pia, ndani ya mfuko. Mzee Humud alitupokea barazani. Masikio yaleyale makubwa, mwili umepungua. Alinijua nilipomtajia Fundi Hilal. Tukakaa, halua ikaja, tende zikaja, na dele lilipofika Yahya ndiye aliyelishika kwa kushoto na vikombe kwa kulia. Mzee alikaa na mikono yake imefichwa ndani ya mikunjo ya kanzu, mtu aliyekuwa akidaka chuma kutoka angani. Nilikunywa kikombe kimoja nikakitikisa, ishara kwamba imetosha.

Nikamwambia. Nilimwambia kadi, wiki ya Idi, saini saba, plastiki. "Si mikono yako, Mzee. Ni saini yangu."

"Usinifariji, Nassor," akasema. "Mimi si mtoto. Mtu akizeeka akubali."

"Sikufariji. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Watu wamekuja wengi kunipa pole. Wewe umekuja na maneno mazuri kuwashinda, basi."

Nikaona maneno hayatafaa. Nikatoa uzi wa katani nikautundika kwenye ndoano ya taa ya barazani. Nikakagua karabini, nikaomba maji nikanywa, nikakagua tena. Nikafungua skrubu, nikatoa kitako cha mkunazi, nikafunga cheusi, nikaitundika palepale kwenye mstari. Mtutu ukazama. Nikaishusha, nikafunga cha mkunazi, nikaitundika tena. Ikalala.

Mzee Humud aliinuka, akaja karibu. Akaigusa kwa kidole kimoja mbele, ikacheza, ikarudi kulala. Akaigusa nyuma. Kisha akaitoa kwenye kitanzi, akavuta mwenyewe kufuli ya chumba cha risasi akachungulia kama ni tupu, akashuka uani kwa miguu mitupu.

Mara ya kwanza aliirusha kidogo tu, kimo cha kichwa, akaidaka kwa mikono miwili. Ya pili kimo cha paa. Yahya alitaka kusema kitu nikamshika mkono. Ya tatu ilipita paa, ikazunguka, na ilipokuwa inarudi mzee hakuwa anaitazama. Alikuwa anamtazama mwanawe. Ikaingia kiganjani kwa mlio mmoja mkavu.

Nilidhani atacheka. Nilidhani, Mungu anisamehe, atanishukuru. Alipanda barazani amekasirika sijapata kuona.

"Miezi minane," akasema. "Miezi minane nalala na mikono chini ya mto kama mwizi! Nimeiombea toba mikono hii kwa Mola kwa kosa isilolifanya. Mjukuu wangu wa mwisho sijambeba, nilisema nitamwangusha. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya dakika ishirini?"

"Baba," akaanza Yahya.

"Wewe nyamaza. Na wewe, Nassor. Hilal angekufanya nini?"

"Angenivunja vidole, Mzee."

"Angekuvunja." Akaiweka karabini magotini, akapitisha mkono kwenye ule mkunazi taratibu, kutoka shingoni mpaka kwenye bamba. Kisha bila kugeuka akanyoosha mkono wa kushoto kwa Yahya, na Yahya akalitia dele ndani yake.

Alinimiminia. Kahawa ilitoka kwenye mdomo wa dele nyembamba na imenyooka, ikaishia katikati ya kikombe, na juu ya mkeka hakukuanguka hata tone. Alinipa bila kunitazama, hasira bado usoni. Nikanywa, akamimina cha pili. Cha tatu. Cha nne kilinichoma ulimi, cha tano sikukisikia ladha. Sikukitikisa kikombe mpaka dele likaisha.